Nimekulia kwenye amani, naweza kuwa mshairi? Na je, ni kweli machafuko ndo yaliyozaa fasihi kubwa ya Ulaya?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa tatu nasoma fasihi, na nimependekeza mada ya tasnifu inayosema vita na mapinduzi ndiyo yaliyozaa fasihi bora ya Ulaya. Msimamizi wangu kanirudishia, pembeni kaandika 'hii ni imani, siyo swali la utafiti'. Sijamuelewa, maana toka sekondari tunafundishwa fasihi ni kioo cha jamii, na waandishi wa Urusi ninaowapenda wote waliteseka. Jambo la pili linanihusu mwenyewe. Naandika mashairi, lakini nimekulia nyumba yenye amani, sijawahi kukimbia vita wala kufungwa, na wenzangu kwenye chama cha ushairi wananiambia mashairi yangu hayana uzito kwa sababu sijateseka. Kuna siku natamani hata nipatwe na jambo kubwa ndipo niweze kuandika. Naomba unisaidie yote mawili."

Marahaba mwanangu. Umesema ni mambo mawili lakini mi naliona ni moja, unauliza kama mateso ndo yanayomfanya mtu awe mwandishi. Kwenye tasnifu umeshajibu ndiyo, alafu jibu hilohilo limekugeukia wewe mwenyewe na sasa linakuumiza. Kwa hiyo tukilichambua vizuri upande mmoja, na upande wa pili utapata nafuu. Na kwa kuwa umesema unawapenda Warusi nitakaa zaidi na mmoja, mshairi Anna Akhmatova, manake maisha yake ndo watu wanayatumia sana kuthibitisha hiyo kauli yako, na ukiyasoma kwa utulivu utaona yanaipinga.

Watu wengi wanaanza kumsoma Akhmatova kwenye miaka ya Stalin, mtawala wa Kisovieti, wanaruka mwanzo wake. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1912, cha pili 1914, mapinduzi ya 1917 bado hayajafika. Yalikuwa mashairi mafupi ya mapenzi, mengi yanahusu watu wawili wanaoachana. Kuna moja la 1911, mwanamke anatoka kwenye nyumba ya mpenzi wake, mambo yameisha, na mshairi hatuambii kwamba moyo umevunjika au machozi yanatiririka, anatuambia tu kwamba glovu ya mkono wa kushoto ameivaa mkono wa kulia. Basi. Msomaji mwenyewe anamwona yule mwanamke hajielewi, mikono inafanya kazi na akili haipo. Hiyo mbinu ya kuchagua kitu kimoja kidogo kinachoonekana na kukiachia kibebe uzito wote, alikuwa nayo akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili anayeandika kuhusu kuachwa. Ilipofika 1917 alikuwa tayari jina kubwa.

Sasa machafuko yakaja, na yalimfika kweli, sitaki nionekane nayapunguza. Nikolai Gumilyov, mshairi mwenzake aliyekuwa mume wake wa kwanza, alipigwa risasi na serikali mpya Agosti 1921. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 milango ya kuchapishwa ikafungwa, akakaa miaka kama kumi na tano karibu hana kitabu kipya. Mwanawe Lev akakamatwa 1935, akaachiwa, akakamatwa tena 1938. Na mama huyu, kama maelfu ya wanawake wengine wa Leningrad, mji ambao leo unaitwa Saint Petersburg, akawa anapanga foleni nje ya gereza, miezi kumi na saba kwa maneno yake mwenyewe. Foleni yenyewe ilikuwa ya dirisha dogo. Unafika na pesa au kifurushi, unataja jina la mtu wako, kikipokelewa unajua bado yupo humo ndani, kikikataliwa unaondoka hujui kahamishwa au kauawa. Hiyo ndo ilikuwa njia ya mama kujua habari za mtoto wake.

Siku moja kwenye foleni mtu akamtambua, na mwanamke aliyesimama nyuma yake, midomo imekuwa ya bluu, mtu ambaye hata jina la Akhmatova hajawahi kulisikia, akamnong'oneza sikioni (pale wote walikuwa wananong'ona) kama anaweza kuyaeleza haya. Akamjibu: naweza. Tukio hilo ndo utangulizi wa "Requiem", mfululizo wake wa mashairi kuhusu miaka ile. Angalia ile midomo ya bluu. Ni jicho lilelile lililoiona glovu. Foleni haikumpa hilo jicho, alifika nalo.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanaoipenda kauli yako huwa hawautaji. Lev alikamatwa tena 1949. Mama safari hii akajaribu kumwokoa kwa kalamu, akaandika mashairi ya kumsifu Stalin, yakachapishwa kwenye jarida la Ogonyok mwaka 1950. Mshairi ni yuleyule, mtoto ni yuleyule, uchungu ni uleule na pengine umezidi, lakini mashairi yale yamekufa, hayana pumzi, hakuna anayeyasoma leo isipokuwa sisi watafiti. Na Lev hakuachiwa mpaka 1956, Stalin ameshakufa miaka mitatu kabla. Kama mateso peke yake yangekuwa yanazaa ushairi mkubwa, yale ya 1950 yangekuwa makubwa. Mi simlaumu hata kidogo, mama yeyote angefanya hivyo, ila kitaaluma hatuwezi kuufumbia macho ushahidi huo.

Alafu wafikirie wale ambao hatuna vitabu vyao. Isaac Babel, mwandishi wa hadithi fupi, alikamatwa Mei 1939, wakaondoka na makaratasi yake yote, akapigwa risasi Januari 1940, na maandishi yale hayajapatikana mpaka leo. Mshairi Osip Mandelstam alitunga shairi fupi la kumshambulia Stalin mwaka 1933, akawasomea watu wachache tu anaowaamini, akakamatwa 1934, akakamatwa tena 1938, na Desemba mwaka huo akafia kambi ya wafungwa wa safarini karibu na Vladivostok, ana miaka arobaini na saba. Hebu jiulize angeandika nini akiwa na hamsini, akiwa na sitini. Ukisema machafuko yalizaa fasihi unawahesabu waliobaki tu, na waliozikwa na daftari zao hawana nafasi kwenye hesabu yako. Nadhani hapo ndo msimamizi wako alipokwama alipoandika neno imani.

Tuje kwenye kioo cha jamii. Najua kila mtihani unaanza na hiyo sentensi na ukiiandika unapata maksi, lakini chukua "Requiem" uijaribu. Mashairi yake mengi yametungwa kati ya 1935 na 1940. Kama kitabu yalitoka mara ya kwanza 1963, huko Munich, Ujerumani Magharibi. Ndani ya nchi yake yalichapishwa 1987, mwenyewe alishafariki 1966. Kwa hiyo hicho kioo kilikuwa kinamwonyesha nani? Mtu aliyeingia duka la vitabu la Leningrad mwaka 1938 asingekuta mstari hata mmoja kuhusu foleni inayopangwa mtaa wa pili. Angekuta vitabu vya mtindo uliopitishwa rasmi kwenye mkutano mkuu wa waandishi wa 1934, vya viwanda na mashamba na watu wanaosonga mbele. Navyo vimetoka kwenye jamii hiyohiyo, mwaka huohuo. Picha ya kioo inakuambia jamii inatokea tu kwenye kitabu yenyewe, inakusahaulisha kwamba kati ya tukio na kitabu kuna karatasi, kuna mchapishaji, kuna mtu wa kutoa kibali, kuna msomaji, na kuna polisi.

Mi naona hapo ndo penye kazi yako. Machafuko ya kisiasa yanaigusa fasihi zaidi kwenye njia maandishi yanayopitia, na njia ikibadilika hata umbo la maandishi linabadilika. Nikuonyeshe ilivyokuwa chumbani kwake. Akhmatova aliamini nyumba yake ina vinasa sauti. Rafiki yake Lydia Chukovskaya, ambaye naye mume wake, mwanafizikia, alishapigwa risasi 1938, ameandika jinsi walivyokuwa wanafanya. Akhmatova anakatisha maongezi ghafla, anaangalia dari na kuta, anachukua kipande cha karatasi na penseli, anasema kwa sauti kubwa kitu cha kawaida kabisa, utakunywa chai? Huku anaongea hivyo anaandika harakaharaka mistari ya shairi, anampa. Chukovskaya anasoma kimya mpaka imuingie kichwani, anarudisha karatasi bila kusema neno. Akhmatova anasema kwa sauti, mwaka huu vuli imewahi, anawasha kiberiti, anaichoma ile karatasi kwenye kisahani cha sigara. Shairi limeshahamia kwa mtu. Walikuwepo wachache waliolibeba hivyo kwa miaka, na "Requiem" nzima haikupigwa chapa kwenye karatasi mpaka 1962.

Sasa wewe umekulia kwenye vina na mizani, hili utalielewa haraka kuliko msomaji wa Ulaya wa leo aliyezoea shairi huru. Ushairi wa Kirusi wa wakati ule ulikuwa na vina na mapigo ya kuhesabika, mshororo ukikuponyoka kina kinakurudishia, neno lililokosewa linajitangaza lenyewe kwa sababu mapigo yanapinda. Na "Requiem" haijaenda kama utenzi mmoja mrefu wenye mwanzo na mwisho, ni vipande vifupivifupi, kila kimoja kinatosha karatasi moja ya kuchomwa. Hapa uwe mwangalifu, usije ukaandika kwamba ufupi umeletwa na polisi, manake nimeshakuambia aliandika mafupi toka 1912. Sema hivi, mtu mwenye mazoea ya shairi fupi lenye vina alikutwa na wakati ambao shairi fupi lenye vina ndo lilikuwa na nafasi kubwa ya kupona. Nadezhda, mjane wa Mandelstam, alihifadhi mashairi ya mume wake kwa namna hiyohiyo, akiyarudia kichwani miaka na miaka huku anahamahama.

Linganisha na riwaya ndo utaona tofauti ilivyo kubwa. Vasily Grossman aliandika riwaya kubwa kuhusu mapigano ya Stalingrad kwenye vita ya pili ya dunia, "Maisha na Hatima" tunaweza kuiita. Februari 1961 wakaja maofisa wa KGB, polisi wa siri wa Kisovieti, nyumbani kwake, mwandishi mwenyewe hawakumkamata, walikamata kitabu. Walibeba nakala, walibeba karatasi za kaboni, walibeba mpaka utepe wa taipureta. Riwaya ya kurasa mamia huwezi kuichoma na kuibakiza kichwani kwa rafiki. Grossman alikufa 1964 hajaiona imetoka. Ilipona kwa kuwa kulikuwa na nakala zimefichwa kwa marafiki, ikatoka Uswisi 1980, na nyumbani 1988. Nchi moja, utawala mmoja, lakini shairi na riwaya vilipita njia tofauti kabisa.

Na hili haliko kwenye mashairi na riwaya peke yake, hata fikra zinapitia hukohuko. Nenda Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia ya wakati ule, baada ya Agosti 1968, vifaru vya Urusi na washirika wake vimeingia, waandishi wengi wamepigwa marufuku. Mwandishi Ludvík Vaculík akaanzisha kitu alichokiita Kufuli, watu wanapiga vitabu kwa taipureta, karatasi nyembamba zimepangwa na kaboni katikati, unagonga kwa nguvu ili nakala ya chini nayo isomeke, unapata nakala kumi na kitu kwa mpigo, alafu zinapita mkono kwa mkono, na kwa njia hiyo yalitoka mamia ya vitabu. Makala fupi zikashamiri sana, moja wapo ya sababu ni kwamba makala fupi unaipiga usiku mmoja. Mwanafalsafa Jan Patočka alipoondolewa chuo akafundisha kwenye sebule za watu. Akawa mmoja wa wasemaji wa Mkataba wa 77, tamko la raia waliodai haki za binadamu, polisi wakamhoji masaa mengi, akafariki hospitalini Machi 1977. Mwaka uliofuata Václav Havel, mwandishi wa tamthilia, akaandika insha yake kuhusu mtu asiye na nguvu, akaitabaruku kwa Patočka. Ndani yake kuna muuza mbogamboga anayeweka bango la wafanyakazi wa dunia unganeni dirishani kwake, katikati ya vitunguu na karoti. Havel anauliza kwa nini analiweka, yeye haliamini, wanaopita hawalisomi, na insha nzima inaota kutoka kwenye hilo swali. Mi naona insha ile ina nguvu kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya wahadhiri, iliandikwa kwa watu ambao kila siku wanapita mbele ya duka kama lile, na itawafikia ikiwa imechanika pembeni kwa kupita mikono mingi. Alafu 1989 Havel akawa rais, milango ikafunguka, na waandishi wengi wa upinzani wakagundua wasomaji wamepungua, watu sasa wana magazeti huru na televisheni, hawana haja tena ya kuutafuta ukweli katikati ya mistari. Uhuru nao unabadilisha njia, usiuache nje ya tasnifu.

Jambo la mwisho kwenye nadharia, nitalipita haraka, machafuko hayasukumi watu wote upande mmoja. Vita ya kwanza ya dunia, Wilfred Owen afisa wa Kiingereza anatoka kwenye mahandaki akili imetikisika, yuko hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh mwaka 1917, anaandika kuhusu vijana wanaochinjwa kama ng'ombe, na anaiandika kwa soneti, shairi la mistari kumi na nne, umbo la kizamani kabisa. Mwaka mmoja nyuma, Februari 1916, kule Zürich nchi isiyo na vita, mshairi Mjerumani Hugo Ball na wenzake wanafungua Cabaret Voltaire, ukumbi mdogo wa maonyesho, na miezi michache baadaye anasimama jukwaani anasoma mashairi yasiyo na neno hata moja la lugha yoyote, sauti tupu. Vita ni ileile. Mmoja aliona umbo la zamani bado linabeba, mwingine akaona lugha yenyewe imeshachafuliwa haifai. Ukiwa na nadharia inayosema machafuko huzaa kitu fulani, hao wawili wataivunja.

Sasa tasnifu yako. Unaweza kuchukua "Requiem" peke yake na kufuata njia yake kutoka foleni mpaka 1987. Uzuri wake ni kwamba ni fupi na ushahidi ni mwingi, ubaya ni kwamba kama husomi Kirusi utategemea tafsiri, na hapo usithubutu kujenga hoja juu ya vina, manake unachokiona ni vina vya mfasiri. Unaweza kuwalinganisha Owen na Ball, lugha itakusumbua kidogo, ila mada imeandikwa sana, kupata la kwako itakuwa kazi. Au uende na Havel na makala za Prague, hizo zinatafsirika vizuri kuliko mashairi kwa kuwa hoja ndo uti wa mgongo, ila itabidi usome historia kidogo na siasa. Ningekuwa mimi na muda wako na vitabu ulivyonavyo ningechukua "Requiem", niache kabisa habari ya ubora, niulize swali kama hili: kunyimwa karatasi na uchapaji kuliathiri vipi muundo na wasomaji wa "Requiem" kati ya 1935 na 1987? Hilo ni swali, lina mwanzo na mwisho, na linaweza kukupa jibu ambalo hukulitegemea.

Na sasa wewe. Wenzako wamekuambia hujateseka ndo maana mashairi hayana uzito. Inawezekana kweli hayana uzito, sijayaona, ila sababu waliyokupa sio. Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, aliishi wakati Ulaya nzima inawaka, mapinduzi ya Ufaransa yameanza yeye mtoto wa miaka kumi na tatu, vita za Napoleon zimeisha yeye amebakiza miaka miwili ya kuishi, ndugu zake wawili wako jeshi la maji. Yeye yuko nyumbani kijijini Hampshire. Hakuandika mapigano hata mamoja. Aliandika wanajeshi wanapiga kambi kwenye mji mdogo na wasichana wa pale wanavyochanganyikiwa, aliandika alichokiona kwa jicho kali. Na Akhmatova, glovu ile ilikuwa ni ugomvi wa wapenzi tu, hakuna aliyekufa. Kwa hiyo rudi kwenye mashairi yako utafute glovu, tafuta pale ulipoandika huzuni au uchungu ukaacha bila kutuonyesha kitu. Nyumba yenye amani ina mambo ndani yake, ina bibi anayehesabu vidonge vyake, ina baba asiyependa kuulizwa habari za kazini, wewe unayajua ya kwenu.

Ila ile sentensi yako ya kutamani upatwe na jambo kubwa, sijaipita. Kama ni wazo linalokuja ukiwa umekwama na shairi alafu linaondoka, ni la kawaida, wengi wamelipitia. Lakini kama linakurudia mara kwa mara, hulali vizuri, umeanza kujitenga, au umefikia kujiweka kwenye hatari au kujidhuru kwa makusudi ili upate cha kuandika, hapo usingoje jibu la maandishi kutoka kwangu, nenda leo hii kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni au hospitali iliyo karibu, na mwambie mtu wa nyumbani unayemwamini. Mandelstam na Babel hawakuchagua yaliyowapata, na hakuna hata mmoja wao angekushauri uyafuate.

Kwa msimamizi nenda mwenyewe ana kwa ana, usimtumie meseji. Mpelekee ukurasa mmoja tu, juu swali jipya, chini yake orodha ya matoleo ya "Requiem" uliyoyapata maktaba na tarehe zake, na umuulize kama kuna mtu idarani au chuo cha jirani anayesoma Kirusi, akae na wewe masaa mawili akusomee yale mashairi kwa sauti. Hata kama huelewi maneno, sikiliza mapigo, utajua kwa nini yaliweza kukaa kichwani mwa mtu miaka yote ile.